Goti Letu na Njia za Milimani

Yeyote aliyepata kukaa Nizi ajua jinsi njia zetu zilivyo. Kwenda kisimani ni kushuka, kurudi ni kupanda. Kwenda shambani ni kupanda, kurudi na mzigo wa mihogo ni kushuka. Vijana nao hutoka mashimoni na mifuko ya mawe mabegani, wakateremka nayo hadi mtoni ili yapondwe na kuoshwa, wakitafuta chembe ya dhahabu. Kazi hiyo si ya jana. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Kilo-Moto ikaundwa mwaka 1926. Na tangu sheria ya 1982 ilipowaruhusu wananchi kuchimba kwa mikono yao wenyewe, vilima vya Djugu vimejaa watu wenye sururu na mabeleshi.

Mzee mmoja, jirani yangu, alikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi. Siku moja nilimkuta ameketi juu ya jiwe kando ya njia, mguu mmoja ameunyosha, akilipapasa goti lake kama mtu abembelezaye mtoto. Nikamsalimu, nikamwuliza kulikoni. Akanijibu: “Mwalimu, moyo wataka, na mgongo bado waweza, bali goti lanikana. Wewe uliyesoma, hebu niambie: mle ndani mna nini, hata maumivu makubwa hivi yakakaa mahali padogo hivi?”

Nilimjibu maneno machache ya vitabuni, nikaona uso wake haukuridhika, na alikuwa na haki. Katika seminari nilifundishwa majina ya Kilatini ya mifupa yote. Lakini jina si kitu chenyewe. Ndipo nilipokusudia kumwonyesha goti kwa macho.

Mguu wa mbuzi mezani

Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni, nikamwomba mwuza nyama anipe mguu wa nyuma wa mbuzi, mzima, tangu nyonga mpaka ukwato, asiupige shoka. Alicheka sana, akauliza kama mwalimu sasa amekuwa mganga. Nikauweka mezani uani kwangu, nikawaita baadhi ya wanafunzi wa darasa la sita, na mzee wangu akapewa kiti mbele ya wote.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: goti la mbuzi li wapi? Wote wakaonyesha kile kifundo cha katikati ya mguu, kinachochomoza nyuma. Wote walikosa. Kile ni kisigino chake, maana mbuzi hutembea juu ya ncha za vidole. Goti la kweli li juu, karibu na tumbo, limefichwa ndani ya ngozi. Tena, mbuzi anapokula majani mafupi huku amepiga magoti ya mbele, yale si magoti hata kidogo, ni vifundo vya mikono yake. Jambo hili liliwafurahisha watoto kuliko mengine yote niliyowafundisha mwaka huo.

Tulipokwisha kuondoa ngozi, kitu cha kwanza kilichoonekana ni ule mfupa mdogo wa mbele. Wenzetu wa pwani huuita kilegesambwa, na wengine husema pia ya goti, kwa kuwa umbo lake lafanana na ile pia wanayochezea watoto, pana juu na ncha chini. Mfupa huu haukufungwa kwa mfupa mwingine. Umelala ndani ya kano nene itokayo katika misuli ya paja na kushikwa mbele ya muundi, nao huteleza juu na chini katika mfereji kila mguu unapokunjwa na kunyoshwa. Kazi yake ni kuiinua kano mbali kidogo na kiungo, kama mtu achomekaye kijiti chini ya kamba ili kamba ivute kwa nguvu zaidi. Mtoto mchanga hana mfupa huo. Mahali pake pana gegedu laini tu, ambayo huanza kugeuka mfupa kati ya mwaka wa 3 na wa 6. Mama asishangae basi akigusa goti la mwanawe anayetambaa akaliona laini.

Nikapasua mfuko wa kiungo. Ukatoka ute kidogo sana, mwangavu, wenye kunata kama ute wa yai bichi. Goti la mtu mzima lenye afya lina ute usiofika kijiko kimoja cha chai, nao watosha kulainisha kazi ya siku nzima. Chini yake tukaona gegedu, ngozi ngumu nyeupe ifunikayo ncha za mifupa, yenye kung'aa kama kikombe cha kauri. Watoto wakapitisha vidole wakasema yateleza kuliko sabuni iliyolowa. Nao wataalamu waliopima wasema kwamba gegedu juu ya gegedu huteleza kuliko barafu juu ya barafu.

Lakini gegedu ina udhaifu wake. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Haipati chakula kutoka katika damu kama nyama. Hupata chakula kutoka katika ule ute, hukamuliwa na kunyonya tena kila goti linapokunjwa na kunyoshwa, kama sifongo. Kwa hiyo goti lisilotembezwa kabisa hufa njaa. Na kwa hiyo pia gegedu ikikwaruzika haitoi kilio mapema, na ikiisha kulika haioti tena kama zamani.

Sasa tazameni umbo la mifupa yenyewe. Nyonga imekaa salama: kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho kimeingia ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Mfupa hushika mfupa. Je, goti? Mfupa wa paja huishia kwa vifundo viwili vya mviringo. Mfupa wa muundi ni bapa juu, kama sinia. Yaani mayai mawili juu ya sinia! Kwa mpango huo, yatupasa kuanguka kila hatua. Basi nini kinachotuzuia?

Ili nipate kulijibu swali hilo nilikata kano moja moja. Kwanza zile za pembeni, moja ndani na moja nje, zinazozuia mguu usipinde kando. Goti likaanza kuyumba. Kisha nikawaonyesha katikati kabisa ya kiungo kano mbili nene fupi zilizopishana, ambazo waganga huziita kano za msalaba. Ya mbele huzuia muundi usitoke mbele, ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Nilipoikata ya mbele, muundi uliteleza mbele mkononi mwangu kama mtoto wa meza avutwaye. Na madaktari hufanya jaribio hilo hilo juu ya goti la mgonjwa ili wajue kama kano imekatika. Nilipokata ya nyuma, pamoja na kano ya mbele yenye ule mfupa mdogo na nyama zilizobaki, mguu ukawa vipande viwili.

Mzee akainama, akavitazama vipande, akasema: “Na hakuna mfupa uliovunjika.”

Ndivyo, wasomaji. Goti halishikwi na mifupa. Linashikwa na kano na nyama. Ukilikumbuka neno hilo moja, mengi kuhusu magoti yatakuwa wazi kwako.

Nisisahau vile vipande viwili vya gegedu ngumu vilivyokaa kati ya mifupa, kila kimoja chenye umbo la mwezi mwandamo. Huziba ile nafasi kati ya mayai na sinia, na kuutandaza mzigo usilemee mahali pamoja. Zamani wapasuaji waliviona havina maana. Kikipasuka hukitoa chote, mgonjwa akarudi nyumbani anafurahi. Mwaka 1948 daktari Mwingereza aitwaye Fairbank alionyesha kwa picha za mifupa kwamba goti lililoondolewa gegedu hiyo huanza kubadilika umbo kadiri miaka ipitavyo. Siku hizi mpasuaji hushona akiweza, au hukata sehemu ndogo tu.

Kufuli na ufunguo wake

Hili sikuweza kulionyesha kwa mbuzi, maana mbuzi husimama magoti yakiwa yamekunjika kidogo siku zote. Simama wewe mwenyewe, unyoshe mguu wako mpaka mwisho. Katika nyuzi za mwisho za kunyosha, mfupa wa paja huzunguka kidogo kuelekea ndani, kano zote hukazika, na goti hujifunga kama kufuli. Ndiyo sababu twaweza kusimama muda mrefu kanisani au katika mkutano wa chifu bila paja kuchoka sana. Ili kukunja tena, yapasa kufuli lifunguliwe. Na kazi hiyo hufanywa na msuli mdogo uliofichika nyuma, katika mvungu wa goti. Wafundishao uganga huuita ufunguo wa goti. Watoto watundu waujua bila kusoma: akimgusa mwenzake mvunguni ghafula akiwa mstarini, huyo huinama kama aliyekatwa miguu, na mwalimu hutafuta fimbo.

Jambo jingine letu sisi watu ni kwamba mfupa wa paja hauteremki wima, bali huinama kuelekea ndani, hata magoti yakakaribiana chini ya mwili. Sokwe hawako hivyo. Mwaka 1973, huko Hadar katika nchi ya Ethiopia, mtaalamu Donald Johanson aliokota mifupa ya goti yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3. Hakuwa na fuvu wala meno ya mwenye goti hilo. Lakini kwa mwinamo ule tu alijua kwamba aliyekuwa nalo alitembea wima kwa miguu miwili. Mwaka uliofuata, mahali pale pale, ukapatikana ule mwili mashuhuri uitwao Lucy.

Mwinamo huo mtoto hazaliwi nao. Miguu ya mtoto mchanga ni ya upinde, magoti yakiwa mbalimbali. Karibu na mwaka wa 2 hunyoka, kisha mwaka wa 3 au wa 4 magoti huelekea kugongana, na kufikia mwaka wa 7 hivi hukaa mahali pake. Nimeona akina mama wakifunga miguu ya watoto kwa vitambaa usiku ili inyoke. Haifai kitu, humnyima mtoto usingizi tu. Lakini kama upinde wazidi badala ya kupungua, au mguu mmoja wapinda na mwingine la, au mtoto ni mfupi kuliko wenzake na vifundo vya mikono vimenenepa, huo si upinde wa kawaida. Aonwe na daktari.

Kushuka ni kuzito kuliko kupanda

Mzee wangu alikuwa na neno lake: kupanda humaliza pumzi, kushuka humaliza magoti. Nilidhani ni maneno ya uzee. Baadaye nikasoma kwamba yamepimwa. Kuna wagonjwa waliotiwa goti la chuma lililokuwa na kipimo ndani yake, chenye kutoa habari za uzito kila hatua. Ikaonekana kwamba mtu akitembea tambarare, goti lake hubeba kwa nukta moja uzito wa mwili wake mara mbili na nusu. Akishuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Hesabu ni rahisi. Mtu wa kilo 60 akishuka kilima, goti moja hubeba zaidi ya kilo 200 katika hatua moja. Mwongezee mfuko wa mawe wa kilo 30, ni kama kilo 300. Nayo si hatua moja, ni elfu na elfu.

Sisemi watu wasibebe. Nani ataleta kuni? Mwaka 1986 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliowapima wanawake Waluo na Wakikuyu wa Kenya, hawa wakibebea kichwani, hawa kwa kamba ya kipaji cha uso. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea aweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya yule atembeaye mikono mitupu. Ni ustadi wa ajabu. Hata hivyo, kuokoa pumzi si kuokoa goti. Mzigo uliobebwa kwa ustadi ungali mzigo. Anayeshuka na ashuke polepole, hatua fupi, goti likiwa limekunjika kidogo, na kama njia yaruhusu, kwa kuzungukazunguka badala ya kufuata mteremko wima. Mifuko miwili midogo kwa safari mbili ni nafuu kuliko mmoja mkubwa, ijapokuwa najua kijana anayelipwa kwa mfuko hatanisikiliza.

Wako pia wafanyao kazi wamepiga magoti: mchimbaji katika shimo jembamba, mama apanguzaye sakafu. Mbele ya goti kuna vifuko vidogo vyenye maji, vya kulinda ngozi isikwaruzwe na mfupa. Goti likisuguliwa kila siku, kifuko huvimba kama yai laini. Waingereza huita uvimbe wa juu goti la mtumishi wa nyumbani, na ule wa chini kidogo goti la padri! Kwa kawaida hupoa kwa kupumzika na kwa kupigia magoti juu ya gunia lililokunjwa au kipande cha sponji. Lakini kikiwa chekundu, cha moto, chenye kuuma, kisitobolewe kwa sindano ya nyumbani.

“Mfupa haukuvunjika”

Kijana mmoja wa hapa kwetu alikuwa akishuka na mfuko, mguu wake ukakwama kati ya mawe mwili ukageuka. Alisikia ndani ya goti mlio kama kijiti kikavu kikikatika. Kabla ya jua kutua goti lilikuwa kama boga. Akapelekwa mjini, akapigwa picha, akaambiwa, “Mfupa haukuvunjika, nenda nyumbani.” Maneno yale yalikuwa kweli. Ila yeye na jamaa zake waliyaelewa kuwa hana neno. Baada ya majuma matatu uvimbe ukapungua, akarudi kazini. Na kila aliposhuka kilima goti likamtoka, akaanguka. Mara ya tatu aliangukia mfuko wake, akaumia tena.

Ninyi mliokwisha kuona mguu wa mbuzi mwajua kosa lilipo. Picha ya kawaida huonyesha mifupa. Kano na vile vipande vya mwezi haivionyeshi. Kwa hiyo yafaa kumweleza daktari habari yenyewe, na maneno haya ndiyo yenye uzito: je, mlio ulisikika? Je, goti lilivimba ndani ya saa chache, au kesho yake? Uvimbe wa haraka mara nyingi ni damu, na damu huashiria kano iliyokatika au mfupa uliopasuka. Uvimbe wa kesho yake mara nyingi ni maji tu. Je, goti hukutoka unapogeuka? Huenda ni kano ya msalaba. Je, hukwama katikati, halikunjwi wala halinyoshwi? Huenda kipande cha gegedu kimepasuka na kujikunja kati ya mifupa kama jiwe chini ya mlango.

Siku za kwanza, goti lililoteguka lataka kupumzishwa, kufungwa kwa kitambaa bila kukazwa mno, kuwekewa kitambaa cha maji baridi, na kuinuliwa juu ya mto. Halitaki mafuta ya moto, wala kukandwa kwa nguvu, wala kuvutwa. Wapo waunga mifupa wenye mikono mizuri, na sina nia ya kuwadharau. Mtu mwenye hekima miongoni mwao huacha goti lililovimba lipoe. Baada ya hapo kazi kubwa ni paja. Goti likiumia, misuli ya paja hukonda upesi, ndani ya majuma machache. Chukua uzi, upime mapaja yote mawili shibiri moja juu ya pia ya goti, utaona mwenyewe tofauti. Na kama kano imepungua nguvu, ni nani aliyebaki kushika goti isipokuwa paja? Wako watu wenye kano ya msalaba iliyokatika ambao hutembea na kulima vizuri kwa sababu paja lao lina nguvu. Kijana yule alianza mazoezi akiwa amechelewa miezi; sasa hubeba mizigo kwa baiskeli tambarare, na mashimo ameyaacha.

Goti la moto

Hili la mwisho naliandika kwa uzito, maana nililiona, na sehemu ya kosa ni yangu.

Tangu mwisho wa mwaka 2017, fujo zilipoanza tena katika Djugu, jamaa nyingi zimehama vijiji vyao. Katika darasa langu alikuwamo mvulana wa miaka 9 hivi, mtoto wa wakimbizi, mpenda mpira. Siku moja alikuja akichechemea. Nikamwuliza, akasema ameanguka mchezoni. Nikamwambia akapumzike nyumbani, nikaendelea na hesabu. Sikugusa goti lake. Ningaligusa ningaliona lina joto kama jiko.

Nyumbani walidhani limeteguka. Akaletwa mtu wa kukanda. Kila asubuhi goti likavutwa na kukandwa kwa mafuta ya moto, kisha likachanjwa kwa wembe na kupakwa dawa. Mtoto alilia usiku, akawa na homa, akakataa kukanyaga. Siku ya nane ndipo alipofikishwa hospitali. Goti lilikuwa limejaa usaha. Wakausafisha, wakampa dawa kwa sindano siku nyingi, uhai wake ukaokoka. Lakini gegedu ilikuwa imekwisha kuliwa, na mifupa miwili ikashikamana. Mguu ule haukunjwi tena. Darasani nilimwekea benchi la mbele ili apate kuunyosha.

Jueni basi: vijidudu vyaweza kuingia katika goti kwa njia ya damu, kutoka katika jipu au kidonda cha mbali, hata pasipo jeraha gotini. Usaha ndani ya kiungo huila gegedu kwa siku chache tu, na gegedu, kama tulivyoona, haioti tena. Mtoto mwenye homa, goti la moto lililovimba, asiyetaka kukanyaga wala kuguswa, ni mgonjwa wa leo, si wa kesho. Mwangalifu zaidi awe mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ambao huku kwetu wengi huuita SS: watoto hao huumwa na viungo mara kwa mara, na ni rahisi kusema “ndiyo ile ile” siku ambayo si ile ile. Kuna pia goti linalovimba polepole kwa miezi, bila moto mwingi, paja likikonda. Hilo laweza kuwa kifua kikuu cha kiungo, nacho kina dawa. Na sindano ya gotini isichomwe kamwe dukani. Mlango unaofunguliwa na sindano chafu ndio huo huo vijidudu wanaoupitia.

Si kila homa yenye maumivu ya magoti ni usaha. Mwaka 1959 jirani zetu Waacholi wa Uganda walipigwa na homa iliyolegeza viungo vya watu kijiji kizima kwa mara moja, nao wakaiita o'nyong-nyong. Hadi 1962 iliwapata watu zaidi ya milioni 2 katika Afrika ya Mashariki, ikienezwa na mbu wale wale wa malaria. Kabla yake, mwaka 1952, Wamakonde wa kusini mwa Tanganyika walikuwa wamepatwa na homa ya namna hiyo, na jina walilolitumia, chikungunya, lenye maana ya kujikunja, sasa latajwa ulimwenguni kote. Homa hizo hushika viungo vingi pamoja, na mara nyingi hupoa kwa majuma. Usaha, kwa kawaida, hushika kiungo kimoja.

Narudi kwa mzee wangu. Goti lake halikuwa na usaha wala kano iliyokatika. Ni gegedu iliyolika kwa miaka ya kushuka, na daktari alimwambia hivyo. Hakuna dawa ya kuiotesha. Nilimfundisha zoezi moja: aketi kitini, anyoshe mguu mpaka kufuli lifunge, ahesabu hadi kumi, aushushe polepole, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Majuma mawili ya kwanza alinung'unika. Baada ya miezi miwili uzi ulionyesha paja limenenepa kwa upana wa kidole, naye akashuka kisimani peke yake.

Jambo moja lilinichukua muda kulitambua. Alikuwa akishika mkongojo wake upande wa goti bovu, kama wazee wote wa hapa. Nikamwambia aushike kwa mkono wa pili, upande wa goti zima, na kuupeleka mbele pamoja na mguu mgonjwa, ili uzito ugawanyike kati ya mkongojo na mguu. Alinitazama kama mtu adhihakiwaye. Akajaribu hatua tatu, akasimama, akarudi nyuma akajaribu tena. “Kumbe,” akasema, “miaka sita nimeushika vibaya,” akaenda zake kuwaonyesha wenzake barazani.